Mwaka wa tatu naoka mikate Ujerumani: ukitaka kuwajua hawa watu, anzia kwenye mkate wao (uzi mrefu)

Bi Chachu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni dada yenu wa Tanga, niko Ujerumani, jimbo la Saxony, mji mdogo pembeni ya Dresden. Najifunza uokaji mikate, mafunzo ya miaka mitatu, na huu ndio wa mwisho. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu. Nyuzi za Ujerumani ni zilezile: Hitler, Bayern, Benzi, na viza inapatikanaje. Mkate hakuna anayeugusa. Nami nasema mtu anaweza kuishi nchi hii miaka kumi, akalipa kodi na kupewa pasi, lakini kama hajauelewa mkate wao bado yuko sebuleni, jikoni hajaingia.

Usiku wangu wa kwanza kazini ulianza saa nane. Nje baridi inauma meno, ndani joto la tanuri na harufu kama ya togwa iliyolala. Meister wangu, yaani fundi mkuu mwenye cheti cha kufundisha wengine, hakunipa karatasi wala hotuba. Alitoa mkate mmoja tanurini kwa koleo refu la mbao, akaugeuza chini juu, akaugonga tako kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Halafu akanisogezea sikioni. Gonga wewe. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukijibu "pu", rudisha. Nimekuja na cheti cha Kijerumani nilichokihangaikia mwaka mzima, mtihani wa kwanza unakuwa wa sikio!

Wa pili ukawa wa mkono. Mkate wetu wa slesi ukiubonyeza unakunjamana kama sifongo, ukiuachia unarudi. Huu wa hapa, wa kilo moja na nusu, ukikuangukia kidole cha mguu utaita mama. Sababu ni nafaka. Kaskazini na mashariki ya nchi hii ardhi kubwa ni ya mchanga na baridi haina huruma, ngano ilikuwa inawasumbua. Kwa karne nyingi wakaishi kwa Roggen, ndugu yake ngano mwenye unga wa kijivujivu na moyo mgumu. Unga wa Roggen una tabia zake: ukiuumua kwa hamira peke yake, ndani unabaki unanata kama ugali ulioepuliwa kabla ya wakati. Unataka uchachu. Ndiyo maana bekari ya maana ina chachu yake, Sauerteig, donge la unga na maji lililochachuka lenyewe, linalolishwa kila siku kama mifugo. Ya kwetu kazini imenizidi umri. Ukisahau kuilisha inakufa, na msiba wake ni wa bekari nzima.

Tanuri linaita. Narudi.

Kisu Butu

Nimekaa siti ya mbele na chai yangu ya rangi. Shusha, dada.

Njiwa wa Posta

Kwani mkate una nini cha kuandikia uzi? Unga, maji, hamira, chumvi. Umemaliza.

Bi Chachu (mleta uzi)

Njiwa wa Posta, ungesema hivyo mbele ya Meister wangu ungefagia chumba cha kuokea wiki nzima. Chama cha waokaji kina daftari la aina za mikate ya nchi hii, na zimepita 3,000. Mwaka 2014 utamaduni wa mkate uliandikwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wao usioshikika. Sisi tungeandika taarab, wao wameandika mkate.

Hata majina yake yanaweza kukuumbua. Kile kimkate kidogo cha asubuhi, ngozi kavu nje na laini ndani, Kijerumani cha shuleni kinakiita Brötchen. Nenda Berlin, ni Schrippe. Hamburg utasikia Rundstück. Kusini-magharibi ni Weckle. Bavaria ni Semmel, na huku Saxony pia Semmel. Ukitamka la Berlin ukiwa Munich wanakuuzia, lakini muuzaji anakuangalia kama Mzanzibari anavyomwangalia mtu wa bara aliyeita urojo "supu ya ndimu".

Kuna kichekesho kikubwa zaidi. Ile donati isiyo na tundu, yenye jamu ndani, sehemu kubwa ya nchi wanaiita Berliner. Berlin kwenyewe hawaiiti hivyo, wanaiita Pfannkuchen, neno ambalo kwingine ni chapati ya maji. Bavaria ni Krapfen. Mkesha wa mwaka mpya tunakaanga mamia kwa mamia, na kwa desturi moja kati yake hujazwa haradali badala ya jamu. Mezani kila mtu anang'ata kwa machale. Mwaka jana ilinipata mimi. Sijamsamehe aliyeipanga ile sahani.

Kibaraza cha Mkunazini

Assalam alaykum. Bibie, uzi mzuri, lakini sie wengine tuna suala moja kabla ya kumeza mate. Huo mkate hamna mafuta ya nguruwe humo?

Bi Chachu (mleta uzi)

Wa alaykum salaam. Suala la haki kabisa. Mkate wenyewe wa Roggen ni unga, maji, chumvi na chachu. Pa kuwa macho ni kwenye Brezel, ule mkate uliofungwa kama mikono iliyokunjwa kifuani. Huko Swabia, kusini-magharibi, wapo wanaotia Schmalz kwenye donge, na Schmalz mara nyingi ndiyo hayo mafuta unayoyauliza. Wengine hutia siagi. Uliza tu, mwokaji atakuambia kilichomo. (Ile rangi ya kahawia inayong'aa inatokana na kuichovya kwenye maji ya magadi makali kabla ya kuoka. Tunavaa glovu na miwani. Magadi ya kulainishia maharage ni mchezo wa watoto.)

Tatizo lako litakuwa kinachopakwa juu ya mkate. Asubuhi mafundi wa ujenzi wanakuja kununua Mettbrötchen. Ni Semmel iliyopasuliwa, juu yake nyama ya nguruwe ya kusaga, MBICHI, na vitunguu. Mbichi, wakuu, haijaona moto. Wanakula wamesimama, saa kumi na mbili asubuhi, wanacheka. Mimi ni Mkristo na nguruwe nakula, lakini hiyo imenishinda.

Kisu Butu

Mbichi?? Chai imenipalia.

Mhasibu wa Mtaa

Mkate mkate mkate. Soseji ziko wapi? Bia je? Nchi ya Oktoberfest unatuletea habari za chachu.

Bi Chachu (mleta uzi)

Haya, mhasibu, haraka haraka. Oktoberfest ilianza 1810 kwa harusi ya mwana wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, na binti mfalme Therese. Ni sherehe ya Munich. Huku Saxony ukivaa kaptula ya ngozi watakuuliza umepotea njia. Currywurst inasimuliwa kuwa ilizaliwa Berlin mwaka 1949 kwenye kibanda cha mama mmoja, Herta Heuwer, aliyechanganya nyanya na bizari akaimwagia soseji. Na huliwa na nini? Na Brötchen.

Bia ndiyo kabisa, inarudi palepale. Ile sheria yao maarufu ya mwaka 1516, iliyotangazwa Ingolstadt, kwamba bia iwe ya maji, shayiri na hops (maua yanayoipa bia uchungu) tu: watu wanaisifia kama sheria ya usafi, lakini sababu mojawapo ni kwamba ngano na Roggen zisiishie kwenye mapipa ya bia wakati waokaji wanazitaka. Mnywaji alipangiwa nafaka yake ili mla mkate asilale njaa. Umeona?

Sasa turudi kwenye meza. Chakula cha jioni cha Mjerumani wa kawaida kinaitwa Abendbrot, tafsiri yake "mkate wa jioni". Mara ya kwanza kualikwa nilishinda na njaa makusudi, nikijua naenda kula. Nimefika saa kumi na mbili kamili (ukifika na robo, simu imeshapigwa), nakuta kila mtu amewekewa kibao chake kidogo cha mbao, si sahani. Katikati mkate, siagi, jibini aina tatu, soseji za kukata, matango ya siki, figili. Jiko limezimwa, linang'aa. Nikajiambia hiki ni kitangulizi. Nikala slesi moja kwa adabu, nikasubiri chakula. Baada ya nusu saa mama mwenye nyumba akaanza kukusanya vibao.

Nililala na mkate mmoja, wakuu. Tangu siku hiyo nakula kama Msaxony.

Nilikuja kuelewa baadaye. Viwanda vilipoenea, wafanyakazi walipata chakula cha moto mchana kantini, na wake kwa waume wakawa wanarudi wamechoka. Jioni hakuna wa kusimama jikoni, unakatwa mkate. Chakula cha moto mara mbili kwa siku kwao ni anasa, au mlaji ni mgonjwa.

Mama wa Uru

Mwanangu, na ukarimu wao ukoje? Tunasikia ni watu wakavu.

Bi Chachu (mleta uzi)

Shikamoo mama. Wakavu ndiyo, ila nikupe kimoja.

Nilipohamia kwenye nyumba ninayoishi sasa, siku ya tatu ikabishwa hodi. Jirani wa chini, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye hadi hapo hajanisalimia zaidi ya kichwa. Kashika mkate mzima na kijifuko cha chumvi. Akanikabidhi, akasema maneno mawili, akashuka ngazi. Mimi nikabaki mlangoni nimeduwaa. Nimeonekana masikini? Chumvi ya nini, kwetu chumvi usiku inaitwa kwa jina jingine. Nikachukia kidogo, nisiwafiche. Kesho yake nikamsimulia Meister, akacheka mpaka unga ukamtoka kwenye nyusi. Ndiyo desturi: anayeingia nyumba mpya hupewa mkate na chumvi, visipungue humo. Na mkate wenyewe ulikuwa wa kwetu, nilioukanda mimi jana yake.

Huyohuyo bibi ndiye aliyenifungua macho kwa jambo ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Siku moja kanikuta natupa kwenye pipa nusu mkate uliokauka. Hakunigombeza. Aliuchukua, akapanda nao kwangu, akaukata, akauloweka kwenye maziwa na yai, akaukaanga na siagi, akanyunyiza sukari. Wanaita Arme Ritter, "mashujaa masikini". Mikate iliyokauka haitupwi, inasagwa iwe chenga za kupakia nyama, inafinyangwa kuwa madonge ya Knödel, hata bekari inaruhusiwa kurudisha kiasi cha mkate usiouzwa kwenye donge jipya, na ladha inazidi. Wakati anakaanga akaniambia alikuwa mtoto mwaka 1946. Hakuongeza neno.

Nikaenda kusoma, maana shule yetu ya ufundi ina somo la historia ya kazi. Hii nchi tajiri unayoiona ina njaa kwenye mifupa. Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, aliamuru wakulima kupanda viazi mwaka 1756 kwa sababu nafaka haikutosha. Hadi leo watu wanaweka viazi juu ya kaburi lake pale Sanssouci, Potsdam. Si maua, viazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mkate ukawekwa kwenye kadi za mgao mwaka 1915, unga ukachanganywa na viazi, na waokaji wakapigwa marufuku kuoka usiku. Marufuku hiyo imeondolewa 1996! Ningefanya kazi hii miaka ile ningelala kama binadamu. Majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 viazi navyo vikaoza, meli za Uingereza zimefunga bahari, wakala Steckrübe, mzizi wa kulishia ng'ombe. Mamia ya maelfu ya raia walikufa kwa utapiamlo katika vita ile. Halafu 1923, mhasibu hii ni yako, Novemba mkate mmoja Berlin ulifika kama mark bilioni 200. Mshahara ulilipwa asubuhi, watu wakakimbia nao bekari kabla haujawa karatasi ya kufungia. Halafu ikaja vita ya Hitler, na baada yake ile baridi ya 1946 na 1947 ya bibi yangu wa chini.

Mhasibu wa Mtaa

Bilioni 200 mkate! Na mimi nalalamika bei ya unga. Nimenyamaza kuhusu soseji.

Mjukuu wa Nduna

Dada, uzi mtamu, sikatai. Ila umehesabu njaa zao zote, ukaruka moja waliyoitengeneza wao. Kwetu Songea, vita vya Maji Maji vilipowashinda kuvimaliza kwa bunduki, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Kati ya 1905 na 1907 na miaka iliyofuata waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wanahistoria wanataja watu laki mbili hadi laki tatu kwa ujumla. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu walinyongwa kwa mkupuo, na kila mwaka tunawakumbuka. Hao wasiotupa makombo ya mkate wanalijua hilo?

Njiwa wa Posta

Uzi wa mkate jamani, tusiutie siasa.

Bi Chachu (mleta uzi)

Njiwa, aache. Kauliza la maana, na nilikuwa nalikwepa.

Mjukuu wa Nduna, jibu ni kwamba wengi hawalijui. Meister wangu ana miaka hamsini na nane, anasoma gazeti kila siku, jina la Deutsch-Ostafrika, koloni lao la kwetu, alilisikia kwangu. Ilikuwa usiku wa kufinyanga mikate ya Krismasi, tunazungumza, akawa ananisimulia bibi yake alivyokula Steckrübe. Nikamwambia kwetu kusini kuna kizazi kilichokosa hata mizizi, kwa sababu mashamba yalichomwa. Akauliza, walichoma nani? Nikamwambia, ninyi. Alibaki na mikono ndani ya donge. Hakujitetea, hakuomba radhi. Kengele ya tanuri ilipolia ndipo aliposogea. Wiki iliyofuata aliniuliza Songea inaandikwaje.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Sijui kama hilo linakutosha. Mimi siwezi kukusemea.

Mjukuu wa Nduna

Halinitoshi. Mafuvu yarudi. Lakini ahsante kwa kumtajia jina, na aliandike vizuri. Endelea na mkate wako.

Njiwa wa Posta

Nimefuta kauli.

Babu Leipzig

Vijana, nimeingia kwa kupitia tu, mjukuu wangu ndiye kanifungulia ukurasa huu. Mie ni Mzanzibari. Nilifika Leipzig mwaka 1976, tukasomeshwa lugha pale Herder-Institut, kisha nikaendelea na uhandisi. Ujerumani yetu sie ilikuwa ya Mashariki, hiyohiyo iliyojenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani.

Bibie wa Tanga kasema kweli tupu. Semmel wakati wetu ilikuwa pfennig tano, yaani senti zao. Nilipoingia pfennig tano, nilipoondoka pfennig tano. Serikali ndiyo iliyobeba gharama. Mkate ulikuwa rahisi hata wafugaji wakawa wanaulisha nguruwe na sungura, maana chakula cha mifugo kilikuwa ghali kuupita. Lakini kahawa! Mwaka 1977 fedha za kigeni ziliwaishia, wakatoa kitu kilichoitwa Kaffee-Mix, nusu kahawa, nusu sijui shayiri sijui nini. Wajerumani wale wapole, wanaofuata kila amri, kwa kahawa walipandisha sauti. Sijaona tena.

Na Stollen. Hebu tuandikie Stollen, mjukuu wangu. Mama mwenye nyumba yangu alikuwa akitengeneza kila mwaka. Huko Dresden bado wanaoka?

Kisu Butu

Shikamoo babu! Uzi umepata mwenyewe.

Bi Chachu (mleta uzi)

Shikamoo babu. Umenigusa penyewe, maana kuanzia Oktoba hatufanyi jingine.

Kwa wasiojua: Stollen ni mkate mzito wa Krismasi, zabibu kavu, lozi, maganda ya chungwa na ndimu yaliyopikwa kwenye sukari, umepakwa siagi na kufunikwa na sukari ya unga hadi unakuwa mweupe pe. Wanasema umbo lake ni la Mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo. Zamani ulikuwa mkate wa mfungo kabla ya Krismasi, na Kanisa lilikataza siagi. Wakatumia mafuta ya mbegu, ukawa mkate mkavu wa kujitesa. Watawala wa Saxony wakamwandikia Papa. Wa kwanza alikataa. Mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akakubali kwa barua, hadi leo wanaiita Barua ya Siagi. Ruhusa ilikuwa na malipo yake, ya kujengea kanisa kuu la Freiberg. Leo, ili Stollen iitwe ya Dresden, siagi isipungue nusu ya uzito wa unga, na majarini ni marufuku. Walivyonyimwa ndivyo walivyokuja kulipiza.

Mwaka 1730 mtawala wao August, yule aliyeitwa Mwenye Nguvu, aliagiza Stollen moja ya tani 1.8 kwa ajili ya sherehe ya kijeshi huko Zeithain. Kumbukumbu yake inafanywa kila mwaka, Jumamosi kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio: Stollen kubwa inapitishwa mitaani, inakatwa, na inauzwa vipandevipande. Soko la Krismasi la Dresden, Striezelmarkt, lipo tangu 1434, na Striezel ni jina la zamani la mkate huuhuu.

Babu, nikuulize na mimi. Meister anasema enzi zenu zabibu na lozi zilikuwa adimu, ndugu wa Magharibi walikuwa wakituma kwenye vifurushi, na wa Mashariki wanarudisha Stollen iliyookwa kwa vitu hivyohivyo. Na kwamba walipokosa maganda ya ndimu walitumia nyanya za kijani. Ni kweli au ananitania?

Babu Leipzig

Kweli kabisa. Nyanya mbichi za kijani zilizopikwa kwenye sukari, zikakatwa vipande. Karoti pia. Ukila hujui, mpaka uambiwe. Kifurushi kikifika kutoka Magharibi mama yule hakukifungua mbele ya watu. Alifunga pazia kwanza. Kisha ananusa kahawa, anahesabu zabibu, naye ananipa mie moja. Zabibu moja! Nikaila polepole.

Alikuwa akiificha Stollen kabatini, juu ya nguo, kwenye kitambaa, wiki kadhaa. Nikamwambia inaharibika, akaniambia wewe mtoto hujui kitu.

Bi Chachu (mleta uzi)

Alikuwa sahihi, babu. Ikitoka tanurini haifai kuliwa, ladha haijaoana. Inalazwa mahali pa baridi wiki mbili tatu, siagi itembee.

Na jambo la kukufurahisha: Ukuta wa Berlin ulipoanguka, watu wa huku walikimbilia Semmel za Magharibi, kubwa, zimejaa hewa. Haikuchukua muda wakaanza kuzikumbuka zenu zile ndogo nzito za kushikana mbili mbili. Sasa bekari nyingi, na yetu imo, tunazioka upya na kuziuza kwa jina la Semmel za DDR, yaani za Ujerumani yenu ya Mashariki. Pfennig tano ndizo zimekwenda na nchi yake.

Mama wa Uru

Na watoto, mwanangu? Wana desturi gani?

Bi Chachu (mleta uzi)

Mama, nitakupa moja fupi maana zamu inakaribia. Neno letu "shule" tulilichukua kwao, kama tulivyochukua "hela" kutoka Heller, sarafu yao ndogo ya wakati wa ukoloni. Lakini kuna kitu cha shule hawakutuletea. Mtoto anayeanza darasa la kwanza hupewa pembe kubwa ya karatasi ngumu, ndefu karibu kama yeye, imejaa peremende, penseli na vitu vya kuchezea. Huku Saxony inaitwa Zuckertüte, mfuko wa sukari, na desturi yenyewe inatajwa kuanzia Saxony na Thuringia karne ya 19. Siku hiyo tunaoka keki za umbo la pembe tangu usiku wa manane. Mitaani utaona vitoto vimekumbatia mapembe yao, havioni mbele, vinajikwaa, na hakuna anayekubali kubebewa.

Njiwa wa Posta

Dada, na sisi tunaotaka kuja kwenye hayo mafunzo? Niunganishe basi.

Bi Chachu (mleta uzi)

Nilijua tutafika hapa! Njiwa, sina ofisi na sichukui hela ya mtu. Jifunze Kijerumani kwanza kwa dhati, kisha soma kwenye tovuti ya serikali yao ya Make it in Germany, mambo yote yamo. Bekari zinatafuta watu, zenyewe zinapungua, nchi nzima zimebaki chini ya 10,000, na sababu mojawapo ni kwamba vijana wao hawataki kuamka saa saba usiku. Anayekuomba fedha akupe nafasi, mkimbie.

Kibaraza cha Mkunazini

Na hiyo Stollen, bibie, zabibu si mnaziloweka kwenye rum? Babu yetu atakulaje?

Babu Leipzig

Wewe Kibaraza, mwaka 1976 hukuwepo, niachie mambo yangu.

Bi Chachu (mleta uzi)

Hahaha. Babu, nitumie anwani kwenye ujumbe binafsi. Kundi la kwanza tunaoka Jumanne. Yako nitaikanda mwenyewe, zabibu nitaziloweka kwenye maji ya chungwa, mchana kweupe nikamwonyeshe Kibaraza picha. Itasafiri wiki mbili au tatu, ndizo hizohizo inazotaka kulala. Ikifika usiifungue mbele ya wajukuu, watakuachia zabibu moja.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Naenda kulisha chachu.